KIBABA, KWA NA MARA: LUGHA YA VIPIMO MJINI MOMBASA NA UFUNDISHAJI WA UWIANO

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili cha Mombasa, hasa kile kisemwacho katika mitaa ya Mji wa Kale na katika masoko yaliyo jirani nayo, kinavyoweza kumsaidia au kumkwaza mwanafunzi anayejifunza uwiano katika hisabati. Uwiano umechaguliwa kwa sababu ndio mlango ambao wanafunzi wengi hushindwa kuupita. Mwanafunzi aweza kuwa hodari wa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na bado akakwama anapotakiwa kulinganisha viasi viwili vinavyobadilika pamoja. Naye akikwama hapo, asilimia, ramani, mwendo, riba, kemia na aljebra zote humwia nzito.

Tuchukue mfano wa jikoni. Mpishi wa mahamri hutumia vikombe 6 vya unga kwa vikombe 2 vya tui. Siku moja wageni wamezidi, naye anataka kukanda vikombe 9 vya unga. Je, atie vikombe vingapi vya tui? Mwanafunzi aliyezoea kujumlisha atajibu hivi: unga umeongezeka kwa vikombe 3, basi tui nalo liongezeke kwa vikombe 3, jibu ni 5. Mpishi hatakubali, maana ajua kuwa donge hilo halitasukumika, litakuwa uji. Jibu lake ni 3, kwa kuwa kila vikombe 3 vya unga huchukua kikombe 1 cha tui.

Ni desturi kusema kwamba mwanafunzi wa namna hiyo hajui hesabu. Maelezo hayo hayatoshi. Hesabu yake ni sahihi: 2 na 3 ni 5. Alichokosea ni kuchagua uhusiano. Hoja ya makala haya ni kwamba sehemu ya kosa hilo ina mizizi katika lugha. Kiswahili kina sarufi kamili na msamiati mpana wa kuelezea uwiano, lakini baadhi ya maneno yabebayo maana ya uwiano hubeba pia maana ya kujumlisha. Mwalimu asiyeyapambanua maneno hayo humwacha mwanafunzi abahatishe, na mwalimu anayeyapambanua hupata chombo cha kufundishia kisichohitaji kununuliwa.

Suala hili lina uzito maalumu nchini Kenya. Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, sera imekuwa kwamba madarasa ya chini ya shule ya msingi yafundishwe kwa lugha ya mazingira ya shule, na kuanzia darasa la nne Kiingereza ndicho kiwe lugha ya kufundishia. Kwa mtoto wa Mji wa Kale, ambaye Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, ya dukani na ya chuoni, maana yake ni kwamba huacha kuhesabu darasani kwa lugha yake karibu na wakati ule ule ambapo uwiano unaanza kufundishwa kwa dhati. Nchini Tanzania, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, istilahi za hisabati zilitungwa na kuzoeleka. Mtoto wa Mombasa husikia uwiano sokoni kwa lugha moja na hufundishwa kanuni zake kwa lugha nyingine, bila mtu wa kumwonyesha kwamba ni jambo moja.

2. Kosa la kujumlisha katika utafiti

Kosa lililoelezwa hapo juu si la Mombasa peke yake. Bärbel Inhelder na Jean Piaget, katika kitabu chao cha mwaka 1955 kuhusu fikra za mtoto na kijana, waliuweka uwiano miongoni mwa alama za fikra pevu, inayojengeka katika umri wa kubaleghe. Robert Karplus na wenzake huko California walitunga mtihani mfupi ambao ulikuja kutumiwa katika nchi nyingi. Mwanafunzi huonyeshwa picha ya mtu mfupi ambaye urefu wake ni vifungo 4, na kuambiwa kuwa mtu mrefu ana vifungo 6. Kisha hupima mtu mfupi kwa vibanio vya karatasi na kupata 6. Je, mtu mrefu ni vibanio vingapi? Jibu ni 9, lakini wengi husema 8, kwa hoja kwamba mrefu amemzidi mfupi kwa viwili. Huko Uingereza, utafiti uliohaririwa na Kathleen Hart na kuchapishwa mwaka 1981 ulilikuta kosa hilo hilo kwa wanafunzi wa sekondari.

Upande wa pili wa jambo hili ulidhihirishwa na Terezinha Nunes, Analúcia Schliemann na David Carraher mjini Recife, Brazil. Katika makala yao ya mwaka 1985 waliwachunguza watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani. Walipoulizwa kama wateja wanavyouliza, watoto hao walijibu sahihi kwa kiasi cha asilimia 98. Hesabu zizo hizo zilipoandikwa kwenye karatasi kama za shule, majibu sahihi yalishuka hadi asilimia 37 hivi. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja kruzeiro 35. Hakufuata kanuni ya shule ya kuongeza sifuri. Alianza na nazi 3 kuwa 105, akaongeza tatu nyingine, kisha tatu nyingine, na mwisho moja, akafika 350. Alikwenda kwa mafungu, na katika kila hatua idadi ya nazi na fedha zilisogea pamoja.

Funzo la utafiti huu ni kwamba fikra ya uwiano yaweza kuwako kwa mtu ambaye hawezi kuitumia darasani. Kinachopungua ni daraja baina ya soko na daftari, na daraja hilo hapana budi lijengwe kwa lugha.

3. Hazina ya vipimo

Mji wa Mombasa ni mji wa biashara, na biashara haiendi bila vipimo. Kabla kilo na lita hazijashika nafasi, nafaka ilipimwa kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili hufanya kisaga, na visaga viwili hufanya pishi. Yaani pishi moja ni vibaba vinne. Bidhaa nzito, kama pembe na karafuu, zilipimwa kwa frasila, iliyohesabiwa kuwa ratili 35 au 36 hivi, na kila ratili ina wakia 16. Nguo zilipimwa kwa mwili wa binadamu: shubiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima moja au upande mmoja wa nguo, na pande mbili ni doti. Neno doti lingali hai: leso, kama wanavyoziita Wamvita kanga, huuzwa kwa doti hadi leo katika maduka ya barabara ya Biashara.

Kwa mwalimu, vipimo hivi vina faida tatu. Kwanza, vyenyewe ni uwiano. Mtoto aambiwaye kwamba pishi ni vibaba vinne, kisha akaulizwa pishi saba na nusu ni vibaba vingapi, anatafuta idadi inayolingana na 7½ kama 4 inavyolingana na 1. Hapana nafasi ya kujumlisha 3 kwa sababu vibaba vimezidi pishi kwa 3. Anaona kwa macho kwamba kila pishi mpya huja na vibaba vyake vinne.

Pili, kibaba hupima ujazo na ratili hupima uzito, kwa hiyo hakuna jibu moja kwa swali, "Kibaba ni ratili ngapi?" Kibaba cha mtele, yaani mchele kwa lafudhi ya Kimvita, ni kizito kuliko kibaba cha unga uliochekechwa. Kila bidhaa ina namba yake ya kugeuzia ujazo kuwa uzito, na kwa bidhaa ile ile iliyo katika hali ile ile namba hiyo haibadiliki hata kikipimwa kibaba kimoja au mia. Hiyo ndiyo maana ya namba isiyobadilika katika uwiano, ambayo wanafunzi wengi huikariri kama herufi tu.

Tatu, vipimo hivi vimefungamana na wajibu. Zaka ya fitri hutolewa pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba. Uhusiano wa pishi na kibaba ni ule ule wa saa na mudi katika vitabu vya fiqhi, moja kwa nne. Nyumba ya watu 3 hutoa pishi 3, ya watu 11 hutoa 11. Nyumba isiyo na mtu haitoi kitu. Jambo hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa uhusiano wa uwiano lazima uanze na sifuri kwa sifuri.

Methali mashuhuri ya kibaba nayo yafaa kutazamwa upya. Haba na haba hujaza kibaba: hiyo ni hekima ya kujumlisha. Kidogo huongezwa juu ya kidogo mpaka chombo kijae. Lakini kibaba kikishajaa na kuwa kipimo, hekima yake hubadilika. Sasa hakijazwi, chapimia. Safari ya mwanafunzi kutoka kujumlisha hadi uwiano ni hiyo ya kutoka kwenye haba zinazokijaza kibaba hadi kwenye kibaba kinachopimia pishi.

4. Sarufi ya uwiano

4.1 Kurudufu namba

Kiswahili kina njia fupi mno ya kueleza kiwango kwa kila kimoja, nayo ni kurudufu namba. Tulinganishe sentensi hizi mbili:

(a) Aliwapa watoto shilingi kumi.
(b) Aliwapa watoto shilingi kumi kumi.

Katika (a) jumla ya fedha ni shilingi kumi, nao watoto watajua wenyewe watakavyogawana. Katika (b) kila mtoto amepata kumi, na jumla haijulikani mpaka watoto wahesabiwe. Mtoto wa miaka mitano hazikanganyi sentensi hizi. Akipewa kinyume atalalamika. Ina maana kwamba kabla hajaingia shule ameshaijua tofauti baina ya jumla na kiwango. Mchuuzi asemapo, "Maembe haya ni matatu matatu kwa hamsini," ametaja uwiano kamili: fungu la maembe 3 hulingana na shilingi 50, na mafungu yaweza kurudiwa kadiri mnunuzi apendavyo. Mtoto wa Recife alihesabu nazi zake kwa njia hiyo hiyo.

4.2 Mizigo ya "kwa"

Neno fupi "kwa" hubeba mizigo mingi katika hesabu. Husemwa:

(c) Tano inazidi tatu kwa mbili. (tofauti)
(d) Zidisha tano kwa tatu. (kuzidisha)
(e) Gawanya kumi na tano kwa tatu. (kugawanya)
(f) Unga na tui ni tatu kwa moja. (uwiano)

Mwanafunzi asikiapo, "Unga umeongezeka kwa vitatu," yuko katika (c). Asikiapo, "tatu kwa moja," yuko katika (f). Neno ni moja, na namba tatu ni ile ile. Si ajabu akivuka kutoka moja kwenda nyingine bila kujua. Mwalimu hahitaji kuliacha neno "kwa", wala hawezi. Anachohitaji ni kuzoesha darasa kusema uwiano kwa ukamilifu: "kwa kila vikombe vitatu vya unga, kikombe kimoja cha tui". Neno "kila" ndilo linalofunga mlango wa kujumlisha.

4.3 "Kuzidi", "kuzidisha" na "mara"

Kitenzi "zidisha" kimetokana na "zidi", na katika mazungumzo maana yake ni kuongeza tu. Muuzaji amezidisha bei. Mpishi amezidisha chumvi. Darasani kitenzi hicho kimepewa maana ya pekee, na mwalimu hudhani maana mpya imeifuta ya zamani. Haikuifuta. Mwanafunzi aambiwapo azidishe 12 kwa nusu na jibu liwe 6, masikio yake yanasikia kinyume cha kilichotendeka, kwani kitu kilichozidishwa kimepungua. Njia nyepesi ni kusema "nusu ya 12" kabla ya kusema "12 zidisha kwa nusu", na kuonyesha kwamba ni kitu kimoja.

Neno "mara" lina utata wa namna yake. "Bei imepanda mara mbili" yaweza kumaanisha kwamba ilipanda Jumatatu na ikapanda tena Alhamisi, au kwamba ilikuwa 50 na sasa ni 100. Maana ya kwanza ni idadi ya matukio. Ya pili ni uwiano. Usemi "mara mbili zaidi" huzidisha utata huo, maana hata watu wazima hawaafikiani kama 50 huwa 100 au 150. Katika hisabati yafaa isemwe "imekuwa mara mbili ya ilivyokuwa", ili kipimo cha kulinganishia kitajwe.

4.4 "Kadiri ... ndivyo"

Muundo huu ni fahari ya Kiswahili sanifu na cha pwani pia: "Kadiri unavyonunua nyingi ndivyo unavyolipa zaidi." Vitabu vingi huutumia kuelezea uwiano wa moja kwa moja, na "kadiri hiki kinavyozidi ndivyo kile kinavyopungua" kuelezea uwiano kinyume. Lakini muundo wenyewe hutaja mwelekeo tu, hautaji kiwango. "Kadiri mtoto anavyokua ndivyo anavyorefuka" ni kweli tupu, walakini mtoto wa miaka 8 hana urefu mara mbili ya aliokuwa nao alipokuwa na miaka 4. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba uwiano ni "kadiri ... ndivyo" ataona uwiano kila mahali ambapo viasi viwili vinapanda pamoja. Hapana budi aongezewe sharti la pili: kimoja kikiwa mara mbili, cha pili nacho kiwe mara mbili, kimoja kikiwa nusu, cha pili nacho kiwe nusu.

4.5 Neno "uwiano"

Istilahi "uwiano" imechaguliwa vizuri. Imetoka katika kitenzi "wia", chenye maana ya kuwa kwa mtu, kama katika "niwie radhi", na pia maana ya kudai. Mwia ni mdai na mwiwa ni mdaiwa. Vitu vinavyowiana, basi, vyaweza kuonwa kama vitu vinavyodaiana: tui halina kiasi chake peke yake, kiasi chake chadaiwa na unga. Mwalimu akiieleza asili hiyo, neno halitabaki kuwa jina la sura ya kitabu.

5. Majina ya sehemu, na mirathi

Kiswahili kimerithi kutoka Kiarabu majina ya sehemu yaliyo mamoja mamoja: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri. Katika shule nyingi mengi yao yameachwa, na badala yake husemwa "sehemu ya tatu" au "moja ya tano". Hasara yake ni kwamba "sehemu ya tatu" yaweza kuwa thuluthi, na yaweza kuwa sehemu inayofuata ya pili. Istilahi za Tanzania za "kiasi" kwa namba ya juu na "asili" kwa namba ya chini zafaa sana kuambatana na majina haya: katika thuluthi mbili, kiasi ni 2 na asili ni 3.

Neno "thumuni" lina historia inayofaa kufundishiwa. Maana yake ni moja ya nane, lakini pwani lilikuwa pia jina la sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu ya shilingi. Ilikuwaje nusu ikaitwa thumuni? Thumuni hiyo ni ya riale, si ya shilingi. Riale ikihesabiwa rupia mbili, na rupia ilibadilishwa kwa shilingi mbili pale shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, riale ni shilingi nne. Na moja ya nane ya shilingi nne ni senti 50. Sehemu haina maana mpaka kijulikane kizima chake. Aidha, "thumuni" na "thamani" zimetokana na konsonanti zizo hizo za Kiarabu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, katika kitabu chake cha aljebra alieleza kwamba biashara yote ina namba nne: kipimo, bei ya kipimo, kiasi kinachotakiwa, na thamani yake. Tatu zikijulikana, ya nne hupatikana. Kanuni ya tatu ifundishwayo shuleni ndiyo hiyo, na mnunuzi wa Marikiti huitumia kila siku bila kuiita jina.

Mahali ambapo majina ya sehemu yangali na nguvu ya sheria ni katika mirathi. Mahakama za Kadhi, ambazo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezithibitisha katika kifungu cha 170, hutumia sehemu sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Humo mna mfano wa uwiano ambao ni vigumu kuupata ulio bora kuliko huo. Mwanamke amefariki, hakuacha mtoto wala mzazi wala babu. Ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu. Dada wawili wana thuluthi mbili. Nusu ni sudusi 3, na thuluthi mbili ni sudusi 4. Jumla ni sudusi 7, ilhali kizima kina sudusi 6 tu. Mali haitoshi.

Tuseme mali ni shilingi 210,000. Mume anadai 105,000 na dada wanadai 140,000. Upungufu ni 35,000. Mwenye fikra ya kujumlisha atasema upungufu ugawanywe sawa baina ya pande mbili, 17,500 kwa kila upande: mume apate 87,500 na dada 122,500. Kanuni ya auli, ifuatwayo na madhehebu ya Sunni, haisemi hivyo. Yasema asili ipandishwe kutoka 6 hadi 7, na viasi vibaki vilivyo. Mume apata subui 3, yaani 90,000. Dada wapata subui 4, yaani 120,000, 60,000 kila mmoja. Mume na dada walikuwa 3 kwa 4 katika madai yao, na wamebaki 3 kwa 4 katika walichopata. Kila mmoja amepungukiwa kwa moja ya saba ya haki yake. Kwa njia ya kujumlisha, mume angepoteza moja ya sita ya haki yake na dada moja ya nane tu. Shilingi 2,500 zingehama kutoka kwa mmoja kwenda kwa wengine, na wote wangedhani wamegawana sawa.

Mfano huu waonyesha kwamba uwiano si ufundi wa kupita mtihani. Ni njia ya kupambanua usawa wa namna mbili, usawa wa kupunguza kiasi kimoja na usawa wa kupunguza kwa kipimo kimoja. Na mara nyingi haki iko katika huo wa pili.

6. Mapendekezo kwa mwalimu

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, utaratibu ufuatao wafaa kujaribiwa darasani.

Kwanza, somo lianze kwa kusema, si kwa kuandika. Wanafunzi watoe sentensi za kurudufu namba kutoka nyumbani na sokoni: bei ya dumu moja la maji katika mkokoteni, mafungu ya ndimu, doti za leso. Kila sentensi igeuzwe kuwa ya "kwa kila".

Pili, jedwali litangulie kanuni. Tuseme madumu 3 ya maji ni shilingi 60. Wanafunzi wajaze: madumu 6, shilingi 120, madumu 9, shilingi 180, dumu 1, shilingi 20, madumu 7, shilingi 140. Waone njia mbili za kusoma jedwali hilo. Kwa kwenda chini, viasi vyote viwili huzidishwa kwa namba moja. Kwa kwenda kando, kila idadi ya madumu huzidishwa kwa 20 ikapata bei. Njia ya kwanza ni ya mchuuzi, na ya pili ni ya aljebra. Mwanafunzi anayezijua zote mbili hahitaji kukariri kanuni ya kuzidisha mkingamo bila kuielewa.

Tatu, sehemu kwa sehemu ipambanuliwe na sehemu kwa kizima. Fundi achanganyaye saruji, mchanga na kokoto kwa moja kwa mbili kwa nne ametumia karai 1 la saruji katika jumla ya makarai 7. Saruji ni nusu ya mchanga, lakini ni subui ya viungo vyote. Wanafunzi huchanganya nusu hiyo na subui hiyo, na mafundi hawazichanganyi.

Nne, uwiano kinyume ufundishwe kwa kazi, si kwa kanuni. Hamali 6 hupakua jahazi katika Bandari ya Kale kwa siku 4. Kazi yote ni siku 24 za mtu mmoja. Wakiwa 8, watamaliza kwa siku 3. Wakiwa 12, kwa siku 2. Kisichobadilika hapa ni zao la namba mbili, kama vile katika bei kisichobadilika ni hisa yake. Mwalimu aulize pia kama hamali 48 wangemaliza kwa nusu siku, ili darasa lijadili ngazi ni ngapi na njia ni nyembamba kiasi gani. Uwiano ni kielelezo cha mambo, nacho kina mipaka.

Tano, mwanafunzi apewe pia maswali ambayo kujumlisha ndiko sahihi. Fatuma ana miaka 6 na kaka yake ana miaka 12. Fatuma akifika miaka 12, kaka atakuwa na mingapi? Aliyekariri kwamba "kila kitu ni uwiano" atasema 24. Jibu ni 18, kwa kuwa ndugu hupishana kwa miaka, hawapishani kwa mara. Kuyaweka maswali ya namna hii kando ya yale ya uwiano ndiko kumfunzako mwanafunzi kuchagua uhusiano kabla ya kushika kalamu.

Sita, pale ambapo lugha ya darasa ni Kiingereza, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hisabati washirikiane. Somo la Kiswahili laweza kufundisha kurudufu, matumizi ya "kwa", na majina ya sehemu kwa mifano ya vipimo; nalo somo la hisabati laweza kuanza pale lilipoishia hilo. Ushirikiano huo hauhitaji kungoja sera ibadilike.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mtoto wa Mji wa Kale haingii darasani mikono mitupu. Lugha yake hutenganisha "kumi" na "kumi kumi", vipimo vya wazee wake vimejengwa kwa uwiano, na sheria ya mirathi ya jamii yake hutatua kwa uwiano mzozo ambao kujumlisha hakuwezi kuutatua kwa haki. Wakati huo huo yameonyesha kwamba "kwa", "mara", "zidisha" na "kadiri" ni maneno yenye mitego, na kwamba mitego hiyo haiondoki kwa kuhamia lugha nyingine, hufichika tu.

Yapo mengi yaliyobaki kuchunguzwa. Majina kama humusi, sudusi na tusui yanazidi kuwa adimu katika vinywa vya vijana, na vyombo vya kibaba na pishi vimekuwa vitu vya kuonyeshwa zaidi kuliko vya kupimia. Kuyakusanya matumizi yake kwa wazee, wapishi, mafundi na makadhi ni kazi ya wanaisimu. Kuyatia katika vitabu vya mazoezi ni kazi ya walimu wa hisabati. Kazi hizo mbili zikifanywa pamoja, kila moja itaipa nyingine kile inachokosa.